Kisiwa Kinachojichimba

Watunzi wa filamu za anga wana hadithi wasiyochoka kuisimulia. Kuna dunia ya mbali iliyojaa misitu, chini ya mizizi kuna madini ya thamani, kampuni inashuka na mitambo yake, na msitu unageuka mashimo. James Cameron aliitumia katika Avatar mwaka 2009, na mwezi wake wa kubuni, Pandora, sasa una mashabiki wengi kuliko sayari nyingi za kweli. Mwovu katika hadithi hizi hujulikana mapema: ni mgeni, ana silaha, na chombo cha kumrudisha kwao kinamsubiri.

Kwa sisi tunaofanya kazi na miamba na udongo, sehemu hiyo ya mwisho ndiyo isiyoingia akilini. Mchimbaji wa kweli mara nyingi hana pa kurudi. Hapa Unguja kinachochimbwa si madini ya ajabu, ni mchanga na mawe, na mteja wake ni sisi tunaojenga.

Unguja ina takriban kilomita za mraba 1,660 na ina sura mbili. Upande wa mashariki na kusini, Makunduchi, Michamvi mpaka Matemwe, ni maweni: mwamba wa matumbawe uliojengeka chini ya bahari zaidi ya miaka laki moja iliyopita, maji yalipokuwa juu kuliko yalivyo leo. Udongo wa huko ni wa kujaza nyufa tu. Magharibi na katikati kuna udongo wa kina, nyumbani kwa mikarafuu na minazi, na chini ya mashamba hayo, hasa Wilaya ya Kaskazini B, zimelala tabaka za mchanga. Asili ya mchanga huo ni mito ya bara, iliyoumwaga hapa zamani sana, kabla Unguja haijawa kisiwa. Mto wa kutuletea mwingine haupo. Ndiyo sababu mchanga ulisimamiwa na Idara ya Misitu na Maliasili Zisizorejesheka, na kuuchimba kukahitaji kibali.

Anayetaka kuiona Pandora halisi aiangalie Nauru, kisiwa cha Pasifiki chenye kilomita za mraba 21. Fosfeti ilianza kuchimbwa huko mwanzoni mwa karne ya 20 kwa faida ya watu wa mbali, na baada ya uhuru wa mwaka 1968 wenyeji wakaendelea kuichimba wenyewe. Takriban asilimia 80 ya ardhi iliharibika. Fosfeti ilikuwa imejaa katikati ya nguzo za mwamba wa matumbawe. Ilipokwisha kuchotwa zikabaki nguzo tupu zenye ncha, hazilimiki wala hazijengeki. Mtu wa Makunduchi akiziona picha zake atadhani ni kwao. Tofauti ni kwamba maweni yetu hayakuvuliwa udongo na mtu, na yana msitu wake: Hifadhi ya Taifa ya Jozani na Ghuba ya Chwaka, iliyotangazwa mwaka 2004, ni makazi ya kima punju, mnyama ambaye asili yake ni Unguja pekee.

Kuchimba kwenyewe si jambo jipya. Maandishi ya msikiti wa Kizimkazi, ya mwaka 1107, yamechongwa kwenye matumbawe. Mji Mkongwe, uliotiwa kwenye Urithi wa Dunia mwaka 2000, ni machimbo yaliyosimamishwa wima: mawe ya matumbawe, chokaa, udongo, na boriti za mikoko ambazo urefu wake ndio ulioamua upana wa vyumba. Chokaa nayo ni jiwe lilelile lililochomwa. Kwenye joto la nyuzi 900 hivi, kilo 100 za jiwe safi hutoa hewa ya kaboni na kubaki kilo 56, na moto wa tanuu uliwashwa kwa kuni. Kwa hiyo nyumba za kifahari za Shangani zilikula msitu pia, ingawa wapenzi wa milango ya nakshi hawapendi kulikumbuka hilo.

Kilichobadilika ni kasi, pamoja na saruji. Chukua tofali la kawaida la inchi 18 kwa 9 kwa 6. Karibu lote ni mchanga. Matofali 2,000, ambayo ni nyumba ya wastani tu, yana zaidi ya meta za ujazo 31, sawa na tani 50 na ushei, kabla ya sakafu, plasta na ukuta wa uani. Sensa ya 2012 ilihesabu watu 1,303,569 Zanzibar yote. Ya 2022 ikahesabu 1,889,773. Ongeza hoteli za pwani, zinazojenga na kubomoa kila mtindo unapobadilika. Dunia nzima, kwa makadirio ya Shirika la Mazingira la Umoja wa Mataifa, hutumia tani bilioni 50 za mchanga na kokoto kwa mwaka. Lakini nchi ya bara ikimaliza mchanga wa bonde moja huhamia bonde la pili. Sisi tukitoka kwenye machimbo ya Pangatupu, Kiombamvua na Donge Chechele, hatuna mbali pa kwenda.

Mchanga wa pwani hauwezi kuziba pengo. Ni vipande vya matumbawe na magamba, una chumvi inayokula nondo, na ufuko ukichotwa bahari huingia ndani.

Shimo lenyewe ni hasara ya namna tatu. Ya kwanza ni shamba: kijiko kikishakwangua udongo wa juu na kuuchanganya na takataka, muhogo haustawi tena hapo. Ya pili ni maji. Mvua huchujwa na udongo na mchanga kabla ya kufika kwenye maji ya ardhini, na mji umeyanywa maji hayo tangu Sultani Barghash, aliyetawala 1870 hadi 1888, alipoyavuta ya chemchemi za upande wa Bububu. Shimo refu huondoa kichujio na kuacha kidimbwi cha masika. Ya tatu ni hatari ya kingo kumporomokea mchimbaji.

Kufukia kunawezekana: udongo wa juu uwekwe kando tangu siku ya kwanza, kingo zilazwe, miti ipandwe. Gharama hiyo iwemo kwenye bei ya kila lori la mchanga, hata kama mnunuzi atanung'unika. Mchanga unaouzwa bila bei ya kufukia ni mkopo ambao mwanakijiji wa Donge analipa kwa niaba ya mwenye nyumba wa mjini.

Nyumba zilizopo nazo zitunzwe. Sehemu ya Beit al-Ajaib, jumba la Mji Mkongwe la 1883, ilianguka Desemba 25, 2020, na ukuta mkongwe ukianguka ni machimbo mapya. Mara nyingi ukarabati wenyewe huumiza: plasta ya saruji juu ya chokaa huufungia unyevu ndani, na boriti zikaoza. Chokaa ikitumika, jiwe la ukuta ulioporomoka hukwanguliwa na kurudishwa kazini. Tofali la saruji likivunjika linafaa kujazia shimo tu, na mashimo tunayo.