Wavuvi wa Karagita: Rudini Ufuoni Kabla ya Upepo

Mvuvi wa Karagita anayetoka asubuhi hulikuta Ziwa Naivasha limetulia. Kufikia alasiri, mara nyingi upepo huvuma kwa nguvu na mawimbi huinuka ghafla. Upepo huo pia husukuma gugumaji, ambalo hukokota nyavu na kuziba njia ya kurudi ufuoni. Kwa hivyo, nyavu ziteguliwe mapema na mashua irudi kabla ya adhuhuri.

Msimu wa baridi, Juni hadi Agosti, koti zito likilowa humlemea aliyeanguka majini. Jaketi la kuokoa maisha livaliwe juu ya koti na lifungwe, lisigeuzwe kikalio. Viboko nao hurudi majini alfajiri. Mashua isipite karibu na mafunjo kabla hakujapambazuka.