Mashine ya MIG Inapozimika Katikati ya Kazi

Mashine ya MIG inayozimika kila baada ya dakika chache inaharibu mshono, inamchosha mteja na kumfanya fundi akimbilie bisibisi. Bisibisi isubiri kwanza. Mara nyingi mashine ya namna hiyo ni nzima. Inajilinda tu, na kinachoisumbua kiko nje ya kava.

Itazame pale pale inapozimika, kabla hujagusa swichi. Taa ya njano ikiwaka huku feni ikiendelea kuzunguka, shida ni joto. Taa zote na feni vikizima kwa pamoja, shida iko kwenye umeme unaoingia. Na kama mashine inawaka kama kawaida ila moto haushiki au waya hautoki, anza kutafuta kwenye tochi, waya na kibanio cha ethi.

Tuanze na joto. Nyuma au ubavuni mwa mashine kuna kibati chenye jedwali, na ndani yake herufi X ikifuatiwa na asilimia. Hiyo ni sehemu ya kila dakika 10 ambayo mashine inaruhusiwa kuchoma. Kibati kikisema asilimia 30 kwa ampea 200, maana yake uchome dakika 3 na uipumzishe dakika 7. Jedwali hilo hilo huonyesha pia ampea ambazo mashine inaweza kuchoma mfululizo, na kwa mashine ya mfano huu zitakuwa kama 110 hivi. Tofauti ni kubwa kwa sababu joto la nyaya za ndani hupanda haraka kuliko ampea: ampea zikiongezeka mara mbili, joto lake huongezeka mara nne. Kwa hiyo namba kubwa iliyoandikwa mbele ya mashine isikudanganye. Soma kibati kabla ya kununua, na ukisome tena kabla ya kupokea kazi ya vyuma vinene.

Vipimo hivyo huwekwa kwa hewa ya nyuzi joto 40. Karakana ya mabati Dar es Salaam mwezi Februari, mashine ikiwa imeegemezwa ukutani na jua la saa nane likiipiga, inaweza kufika hapo au kuzidi. Isogeze kivulini na uiachie nafasi pande zote ili feni ivute hewa. Iweke mbali na anayesaga kwa grainda, kwani vumbi la chuma huziba njia za hewa na, likitua kwenye bodi, hupitisha umeme mahali pasipotakiwa.

Taa ya njano ikiwaka, usizime mashine. Acha feni ifanye kazi yake dakika 10 hadi 15, taa itazima yenyewe. Wako mafundi wanaoiruka swichi ya joto kwa kuunganisha nyaya zake moja kwa moja ili kazi isisimame. Nawasihi waache. Swichi hiyo ndiyo inayozuia koili za transfoma kuungua na transista za inveta kupasuka, na kuzitengeneza hugharimu zaidi kuliko robo saa ya kusubiri.

Sasa umeme unaoingia. Hapa mshitakiwa wa kwanza ni ekstensheni. Waya wa shaba wa milimita 1.5 za mraba, wenye urefu wa mita 30, ukivuta ampea 20, hupoteza karibu volti 15 njiani. Kama soketini unapata 210 badala ya 230, mashine inabakiwa na 195 tu. Inveta ikikosa volti huvuta ampea nyingi zaidi kufidia, waya unazidi kupata moto, volti zinazidi kushuka, hadi mashine inajizima. Tumia waya wa milimita 4 za mraba, uwe mfupi, na uukunjue wote. Waya uliobaki umeviringishwa hautoi joto lake, na unaweza kuyeyuka.

Kisha chomoa plagi uikague kwenye mwanga. Pini iliyogeuka kahawia, au plastiki iliyolainika na kuinama kuzunguka pini, inaonyesha kwamba mguso ni mlegevu na unaungua. Badilisha plagi na soketi kwa pamoja, maana soketi iliyolegea itaunguza plagi mpya. Kama saketi breka ndiyo inayoanguka, usiweke kubwa zaidi kabla fundi umeme hajapima waya uliomo ukutani. Breka kubwa juu ya waya mwembamba ni moto unaosubiri siku yake. Pima volti kwa multimita wakati mashine inachoma. Kipimo kilichochukuliwa ikiwa imetulia hakikwambii kitu.

Shida ya aina ya tatu, mashine kuwaka ila moto haushiki au waya hautoki, ni rahisi kuipata. Bonyeza kitufe cha tochi huku ukiitikisa kebo karibu na mshikio. Waya ukitoka na kusimama kwa kufuata mtikiso, nyaya za kitufe zimekatika ndani. Kama mota inazunguka na waya hausogei, kagua tipu iliyoziba, laina yenye uchafu, rola zilizolegea au breki ya spuli iliyokazwa mno. Halafu shika njia ya ethi: kwangua rangi na kutu pale kibanio kinapouma, hadi chuma king'ae.

Haya yote yakiwa sawa ndipo kava ifunguliwe, na afungue anayeijua kazi hiyo. Ndani ya inveta kuna kapasita zenye zaidi ya volti 300, zinazoweza kubaki na chaji hata baada ya plagi kuchomolewa. Mpelekee fundi huyo majibu matatu: nini kilibaki kikiwaka, ilichukua muda gani kuzimika, na volti zilikuwa ngapi wakati wa kuchoma. Atajua pa kuanzia, nawe hutalipia bodi mpya wakati kilichoharibika ni plagi.