Mtoto akikuuliza kwa nini mama anauza mkaa

KITABU kimoja cha picha ambacho watoto wa Marekani wamekisoma kwa zaidi ya miaka 50 kiliandikwa karibu chote nchini Kenya, tena kwa mchana mmoja.

Kinaitwa The Lorax. Mwandishi wake, Theodor Geisel, ambaye wengi wanamjua kwa jina la Dr. Seuss, alifika Kenya mwaka 1970 akiwa amekwama. Alikuwa na hasira na watu waliokuwa wakikata miti karibu na kwake California, lakini kila alipojaribu kuwaandikia watoto hadithi juu ya jambo hilo, ilitoka kavu kama hotuba. Siku moja, akiwa kwenye hoteli iliyo chini ya Mlima Kenya, aliona kundi la tembo likivuka kilima. Karatasi iliyokuwa karibu naye ilikuwa ya orodha ya nguo za dobi. Akaanza kuandika humohumo.

Hadithi yenyewe haina mzunguko. Mfanyabiashara anaingia kwenye msitu mzuri, anakata mti mmoja ili afume nguo, nguo inauzika, anakata mingine. Kiumbe mdogo mwenye masharubu anatokea na kumkanya kwa niaba ya miti, lakini hasikilizwi. Wanyama wanahama, maji yanachafuka, mti wa mwisho unaanguka. Miaka mingi baadaye, mfanyabiashara huyo akiwa mzee na mwenye majuto, anamkabidhi mtoto mbegu ya mwisho.

Mwaka 1989, katika mji mdogo wa Laytonville, California, kitabu hicho kilizua ugomvi. Mji huo uliishi kwa mbao. Baadhi ya wazazi wenye riziki yao kwenye biashara hiyo walitaka kiondolewe kwenye orodha ya vitabu vya lazima vya darasa la pili, kwa madai kwamba kinawafundisha watoto kuwaona baba zao kuwa watu wabaya. Bodi ya shule ilikataa kukiondoa.

Ni rahisi kuwacheka wazazi wale, lakini kwanza tuangalie nyumbani kwetu. Mtoto anarudi kutoka shuleni, ameambiwa kwamba anayekata miti anaua dunia. Anapita mlangoni na kumkuta mama amekaa pembeni ya gunia la mkaa, anapima kwa kopo. Mkaa huo ndio uliolipa daftari alilobeba. Ndio pia uliopika uji wa asubuhi. Mtoto anauliza, au mbaya zaidi, hasemi kitu, anaanza kumtazama mama kwa jicho jingine.

Hapo mzazi asinyamaze, wala asigombe. Hadithi nyingi za mazingira zina kasoro hiyo: anayekata mti ni mchoyo, basi. Hazimwonyeshi mtu anayekata kwa sababu gesi ni ghali na kodi ya chumba inadaiwa. Mzazi anaweza kulisema hilo waziwazi. Anaweza kumwambia mwanawe kwamba kitabu kimesema kweli kuhusu miti, ila hakijasema yote kuhusu watu. Mtoto wa miaka minane anaelewa. Watoto wanajua bei za vitu kuliko tunavyodhani.

Tena kuna jambo katika kitabu hicho ambalo wasomaji wengi hawalijui. Mwaka 2018 watafiti wa Marekani walitoa hoja kwamba yule kiumbe mwenye masharubu huenda alitokana na tumbili halisi anayeishi Laikipia, eneo lilelile alilotembelea mwandishi. Ni tumbili mwekundu mwenye miguu mirefu na masharubu meupe, na sehemu kubwa ya chakula chake hutoka kwenye migunga, ile yenye vifundo vinavyopiga mbinja upepo ukivuma. Walilinganisha sura ya kiumbe wa kitabuni na sura za tumbili mbalimbali kwa kompyuta, na huyo akawa miongoni mwa waliokaribiana naye.

Kama ni hivyo, maana ya hadithi inabadilika kidogo. Kiumbe yule si polisi wa msitu anayekuja kuwafokea watu. Ni jirani ambaye mti ukianguka, sahani yake inaanguka nao. Hilo ni rahisi kumweleza mtoto kuliko hotuba nzima ya mabadiliko ya tabianchi. Na jamaa za tumbili huyo wapo Tanzania pia, magharibi mwa Serengeti, ambako watafiti wanakadiria wamebaki kati ya 100 na 200 tu.

Lakini takwimu kama hiyo isemwe kwa kipimo, hasa kwa wadogo. Utafiti uliochapishwa mwaka 2021 uliwauliza vijana 10,000 wa miaka 16 hadi 25 katika nchi kumi, Nigeria ikiwamo, wanavyojisikia kuhusu tabianchi. Asilimia 59 walisema wana wasiwasi mkubwa au mkubwa sana. Mtoto anayesikia kila siku kwamba dunia inakwisha halali vizuri, na mwingine anaacha kusikiliza kabisa.

Dr. Seuss mwenyewe alitoa mfano mzuri hapa. Toleo la kwanza la kitabu chake lilikuwa na mstari unaolisema vibaya Ziwa Erie kwa uchafu wake. Miaka kama 14 baadaye, watu wa Ohio waliofanya kazi ya kulisafisha ziwa hilo walimwandikia kumweleza kwamba hali imebadilika. Akakubali, na mstari ule ukaondolewa kwenye matoleo ya baadaye. Mzazi anayesoma na mwanawe anaweza kuhadithia na hilo, maana watoto hupenda kusikia kwamba mkubwa alirekebisha maneno yake.

Kwa watoto ambao kitabu hawakigusi ila simu na kompyuta hawaziachi, nako kuna cha kuangalia. Katika mchezo maarufu wa Minecraft, jambo la kwanza ambalo karibu kila mchezaji hufanya ni kukata mti. Mti huangusha miche, na ukiipanda, mti mwingine unasimama muda si mrefu. Mzazi akiketi pembeni anaweza kuuliza: na mwembe wa bibi ulichukua muda gani? Mchezo huohuo umetumika kwa kazi ya maana. Shirika la Umoja wa Mataifa la Makazi, lenye makao makuu Nairobi, limewakutanisha wakazi wa Kibera na kuwapa nafasi ya kuchora ndani yake namna wanavyotaka uwanja wao wa wazi uwe.

Upo pia Terra Nil, uliotoka mwaka 2023, kazi ya watengenezaji wa Cape Town. Michezo mingi ya kujenga inataka uongeze majengo mpaka yajae. Huu unakupa ardhi iliyokufa. Unaisafisha udongo, unarudisha maji, majani, kisha wanyama, na mwisho unabomoa mitambo yako yote na kuondoka bila kuacha hata msumari. Kwa mtoto mwenye subira ni mchezo mzuri. Kwa asiye na subira utamchosha ndani ya dakika kumi, na hakuna sababu ya kumlazimisha.

Na bando likiisha, bado kuna hadithi isiyohitaji chaji. Wazee wengi wa Afrika Mashariki wanaijua: mvua zilikatika, mito ikakauka, wanyama wote wakakubaliana kuchimba kisima. Sungura akakataa, akasema ana kazi zake. Maji yalipopatikana, akawa anakuja kwa hila, anamlaghai mlinzi kwa asali, anakunywa na kuoga humohumo. Wakubwa wote walishindwa kumkamata. Aliyemweza ni kobe, aliyejipaka ulimbo mgongoni na kujificha majini.

Hadithi hiyo ina ukame, ina kazi ya pamoja, ina anayefaidi bila kutoa jasho. Bibi wanaoisimulia huikatiza mahali tofauti. Wengine humwadhibu sungura, wengine humwachia atoroke. Mzazi anaweza kusimama pale sungura anaponaswa na kuwauliza watoto wenyewe: sasa ameshikwa, na kiu anayo kweli, apewe maji au asipewe? Kwenye nyumba yenye watoto watatu, majibu huwa manne, na kulala kunachelewa.