Mahindi Yako Shambani Lakini Si Yako Tena: Mbolea ya Akiba au ya Mkopo?

Huku kwetu Nyanda za Juu Kusini wiki hizi ndipo hela ya mbolea ya msimu ujao inapopatikana au inapopotea. Najua Juni hakuna anayewaza mbolea. Tunaiwaza Novemba mawingu yakishajikusanya, mfukoni hamna kitu, tunaanza kubisha hodi kwa watu.

Mkopo unaoumiza wengi siyo hata wa benki. Ni ule wa kuuza mahindi yakiwa bado shambani. Tuseme Januari umepungukiwa sh. 150,000 za Urea ya kukuzia. Mtu anakupa hela, mnakubaliana utamlipa gunia 5 ukivuna, yaani kila gunia 30,000. Hakuna aliyetaja riba, kwa hiyo unaona umesaidiwa. Juni gunia linauzwa 50,000, hivyo zile 5 ni 250,000. Ndani ya miezi mitano umelipa laki nzima juu ya ulichokopa! Kama ekari yako imetoa gunia 15, theluthi yake umemlimia yeye, na palizi na dawa ya viwavijeshi vilikuwa juu yako. Halafu kwa kuwa umebaki na gunia chache, Januari nyingine unarudi kwa yule yule.

Kausha damu nao angalau riba wanakutajia, ila marejesho yao ni ya kila siku au kila wiki. Mwenye genge anaweza kuyamudu. Mahindi hayalipi kila wiki, kwa hiyo utaanza kuuza kuku, kisha mbuzi, mpaka wafikie godoro.

Sasa akiba. Usiniambie utaweka hela kwenye simu. Hela ya kwenye simu ina miguu. Weka gunia. Siku ya kupukuchua, kabla mnunuzi hajafika na mizani, piga hesabu ya mbolea: kwa ekari moja mfuko 1 wa DAP wa kupandia na mfuko 1 wa Urea. Chukua bei ya wakala wako, gawa kwa bei ya gunia leo, ongeza gunia moja la tahadhari. Hizo zitenge, na mama watoto ajue ni za nini, maana siri hapa haisaidii.

Ila gunia lililooza siyo akiba. Hakikisha mahindi yamekauka kabisa. Chukua chupa kavu ya kioo, tia mahindi kiasi na chumvi kavu kidogo, funga, tikisa, acha kama dakika 15. Chumvi ikiganda kwenye kioo, rudisha mahindi juani. Yakikauka, weka kwenye mifuko isiyopitisha hewa, juu ya mbao, mbali na ukuta. Dumuzi, yule wazee wanamwita Skania, hana huruma na gunia la kawaida.

Bei ikipanda, uza hizo gunia, ununue mbolea kwa hela yako. Hata ya ruzuku, wakala anataka namba yako ya usajili pamoja na hela mkononi.

Sisemi mkopo ni haramu. Mashine ya kupukuchua inayofanya kazi kwa majirani inaweza kujilipia yenyewe, huo mkopo nauelewa. Kukopa kwa ajili ya sare za harusi, hapana.

Kwa mbolea iliyopungua kidogo, kopa kwenye VICOBA, maana riba inabaki kikundini na sehemu yake inakurudia kwenye gawio. Shida yetu ni tarehe. Vikundi vingi vinavunja mzunguko katikati ya Desemba, gawio linaishia kwenye pilau na nguo za Sikukuu wakati mahindi ya wenzetu yameshaota. Sogezeni gawio liwe mwanzoni mwa Novemba. Hii haihitaji mtaji, ni kukubaliana tu kwenye kikao, na Juni hii ndiyo nafasi ya kulisema kabla watu hawajaanza kuhesabia hela za Krismasi.