Pendekezo la Kitabu cha Sinema ya Mathare: Suala la Lugha na Mchapishaji

Katika uhakiki wa Kiswahili, riwaya, tamthilia na ushairi vimekwisha kujipatia vitabu vingi. Sinema imebaki nyuma. Makala haya yanakusudia kueleza jinsi pendekezo la kitabu cha sinema linavyoweza kuandaliwa kwa ajili ya wachapishaji, Mathare ikiwa mfano, na kuonyesha kwamba nguvu ya pendekezo hilo imo katika lugha.

Mathare si ngeni kwa kamera. Mwaka 1997 vijana wa MYSA, chama cha michezo kilichoanzishwa mtaani humo mwaka 1987, walipewa kamera za bei nafuu wapige picha za maisha yao. Picha hizo zilitolewa kitabu kiitwacho Shootback, kilichochapishwa London. Baadaye kikundi cha Slum TV kilitengeneza filamu fupi na kuwaonyesha wakazi mtaani mwao; na mwaka 2011 kilishiriki kuanzisha tamasha la filamu lililofanyika Kibera na Mathare. Data, basi, ipo. Lakini kitabu cha picha za Mathare kilipitia London, tena kwa Kiingereza, ilhali vijana wenyewe husemezana kwa Kiswahili na Sheng.

Pendekezo hueleza kitabu kinahusu nini, kinatofautianaje na vilivyotangulia, kitakuwa na kurasa ngapi, na nani atakinunua. Swali hili la mwisho ndilo gumu. Wachapishaji wa Nairobi hutegemea sana vitabu vya shule, na kitabu kisichoidhinishwa na Taasisi ya Ukuzaji Mitaala ya Kenya hakina uhakika wa wanunuzi. Hata hivyo, mtaala wa umilisi, ulioanza kwa majaribio mwaka 2017, umeingiza maigizo na filamu miongoni mwa masomo ya sekondari ya juu. Hoja hii haina budi kutajwa mapema.

Pamoja na maelezo hayo hupelekwa sura ya mfano, na hapa ndipo mtaalamu wa lugha anapoweza kumshawishi mchapishaji. Chukua filamu ya Nairobi Half Life (2012) ya David Gitonga, ambayo ilikuwa ya kwanza kuwasilishwa na Kenya katika shindano la Oscar la filamu za lugha za kigeni. Mhusika mkuu, Mwas, ametoka kijijini akitaka kuwa mwigizaji, akaangukia mikononi mwa wezi. Maisha yake ni ya pande mbili, na usemi hubadilika kulingana na upande. Maandishi ya Kiingereza yaliyo chini ya picha huufuta mpito huo. Kitabu cha Kiswahili chaweza kuunukuu na kuufafanua. Kwa hiyo pendekezo litaje mapema tahajia ya Sheng itakayofuatwa, istilahi zitakazotumika, kama vile "picha ya karibu" na "uunganishaji wa picha", na idhini za kutumia picha kutoka kwa wenye filamu.

Kwa kuhitimisha, jibu la swali la mnunuzi halimo mikononi mwa mwandishi peke yake. Idara za Kiswahili zikiiweka sinema katika kozi zao, mchapishaji atakuwa na wasomaji wa kuwahesabu. Zisipofanya hivyo, maneno ya Mathare yataendelea kusomwa katika tafsiri.