Simu Iliyoachana na Waya

Neno simu lina asili ya Kiajemi, ambako lina maana ya waya. Huko Zanzibar lilianza na waya kweli: mwaka 1879 kebo ya telegrafu kutoka Aden ilifika kisiwani ikipita chini ya bahari. Kwa miaka mingi kupeleka simu kulikuwa kujaza fomu posta na kulipia kila neno.

Simu ya sauti nayo ilikuja na waya wake, na waya huo ulichagua watu. Ulifika ofisini, kwa daktari, kwa tajiri mwenye duka. Wengine waliifunga simu kwa kufuli ndogo kwenye duara la namba, isipigwe ovyo. Sensa ya 1999 ilihesabu Wakenya milioni 28.7, na simu za mezani nchini humo hazikufika laki nne.

Simu ya mkononi ilikuwapo zamani. Tarehe 3 Aprili 1973, Martin Cooper wa Motorola alisimama barabarani New York akampigia mshindani wake, Joel Engel, kwa chombo kilichozidi kilo moja. Ila kilichomfungulia mlango mtu wa kawaida wa Afrika Mashariki ni vocha. Simu ya mezani ilidai bili kila mwezi. Mwenye vocha alikwangua kwa sarafu, akapuliza vumbi la kijivu, akaingiza namba, akaongea kadiri ya alichonacho. Aliyekaribia kuishiwa salio alibipu: mlio mmoja, akakata, na wa upande wa pili akaelewa.

Nokia 1100 ya mwaka 2003 ilikuwa na tochi, na Wakenya wakaziita simu za namna hiyo mulika mwizi. Kwenye nyumba isiyo na umeme, tochi ile haikuwa pambo.

Kisha salio likageuka fedha. Watu walikuwa wakiwatumia ndugu zao namba za vocha, nao wakiziuza dukani wapate chumvi na sukari. Machi 2007 M-Pesa, huduma ya kutuma fedha kwa simu, ikaanza Kenya, ikitumia laini na ujumbe mfupi tu, hata kwenye simu ya tochi. Noti zilizokuwa zikifungwa kwenye bahasha na kukabidhiwa dereva wa basi zikapata njia salama zaidi.

Waya wenyewe haukufa. Sauti na picha husafiri hewani hadi kwenye mnara wa karibu tu. Mwaka 2009 kebo ya TEAMS kutoka Fujairah ilifika Mombasa, ikibeba intaneti kwa nyuzi za kioo, tena chini ya bahari ileile.