Boti za Kiraia Zilizogeuzwa Manowari Ziwa Tanganyika

Vita Kuu ya Kwanza ilipoanza Agosti 1914, Ziwa Tanganyika halikuwa na manowari. Vyombo vyake vilikuwa vya abiria, mizigo na wamisionari. Wajerumani ndio waliowahi: stima yao Hedwig von Wissmann, iliyokuwa ziwani tangu 1900, ilifungwa mizinga, na tarehe 22 Agosti ikaishambulia na kuiharibu stima Alexandre Delcommune ya Wabelgiji. Mwezi Novemba ikaenda kusini, upande wa Zambia ya leo, na huko Wajerumani wakaziteketeza meli mbili kuukuu za upande wa Waingereza, Cecil Rhodes na Good News.

Good News haikuundwa kwa ajili ya vita. Ilikuwa ya wamisionari wa London Missionary Society na iliingia majini mwaka 1885. Vipande vyake vilitoka Uingereza vikapitia mito ya Zambezi na Shire na Ziwa Nyasa, kisha vikasafirishwa nchi kavu kukatiza nyanda za juu zinazotenganisha Nyasa na Tanganyika. Jasho la wapagazi wa safari ile liliishia motoni.

Waingereza walijibu kwa boti mbili ndogo, Mimi na Toutou, wazo lililopelekwa London na mwindaji John Lee. Kiwanda cha Thornycroft kilikuwa kimeziunda kwa ajili ya kuhudumia ndege za majini za Ugiriki. Zilikuwa za mahogani, urefu kama mita 12, zenye injini za petroli na mwendo mkali. Kila moja ilifungwa mzinga mbele na bunduki ya Maxim nyuma. Mbao zake hazikutengenezwa kustahimili kishindo cha mzinga, hivyo ilibidi boti ielekezwe yenyewe kwa adui kabla ya kufyatua.

Ziliondoka Uingereza Juni 1915 kwa meli hadi Cape Town, zikapanda treni hadi Fungurume, Kongo. Reli iliishia hapo. Kwa zaidi ya kilomita 200 zilivutwa na matrekta ya mvuke na ng'ombe kupita milima ya Mitumba, huku vibarua wa Kiafrika wakifyeka njia na kujenga madaraja zaidi ya 100. Kamanda wa msafara, Geoffrey Spicer-Simson, ndiye aliyepata sifa; bila mikono ya vibarua hao, boti zisingeliona ziwa.

Tarehe 26 Desemba 1915 boti ya Kijerumani Kingani ilijitokeza karibu na Lukuga, upande wa Kongo. Mzinga wake ulipiga mbele tu, kwa hiyo Mimi na Toutou ziliifuata kutoka nyuma. Baada ya dakika 11 nahodha wake alikuwa amekufa na boti imetekwa. Waingereza waliiita Fifi, wakaifunga mzinga mkubwa zaidi, na tarehe 9 Februari 1916 Fifi na Mimi zikaizamisha Hedwig von Wissmann.

 

Juni 1916 Waingereza waliiteka Bismarckburg, Kasanga ya leo, lakini Wajerumani walikwisha kutoroka kwa majahazi. Ilibaki Graf von Götzen, meli ya abiria na mizigo iliyoundiwa Papenburg na kuunganishwa tena Kigoma, kisha ikafungwa mzinga wa manowari Königsberg. Tarehe 26 Julai Wajerumani waliizamisha wenyewe, lakini mafundi walipaka injini grisi nzito kwanza zisishike kutu. Waingereza waliiibua mwaka 1924, na Mei 1927 ikarudi kubeba abiria na mizigo kwa jina la Liemba. Kasanga ikawa moja ya vituo vyake katika safari za Kigoma na Mpulungu.